Mwanajeshi Mstaafu Nyumbani: Kutambua Kiwewe na Uraibu, na Njia ya Kupata Msaada

Ndugu mkaazi wa Mombasa, somo la toleo hili linahusu jamaa zetu waliovaa sare ya jeshi na sasa wamerudi mtaani. Wako Kibokoni, Kuze, Bondeni, Majengo, Tudor na Likoni. Wengi wao wanaishi vizuri, wana biashara zao na wanalea watoto. Lakini wapo ambao usiku hawalali na mchana hawataki watu, na wapo waliotafuta nafuu kwenye chupa au kwenye unga. Ukilisoma somo hili hadi mwisho utaweza kufanya mambo matatu: kuzitambua dalili, kuzungumza na mgonjwa bila kumfukuza, na kumpeleka mahali panapostahili.

Unaweza kulisoma peke yako, au mkalisoma pamoja barazani, kwenye chama au katika kikao cha nyumba kumi. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

1. Mji wetu na wanajeshi wake

Mombasa ni mji wa wanajeshi tangu zamani. Karibu na Fort Jesus kuna mnara wa kumbukumbu ya Meja Wavell na kikosi cha Waarabu wa pwani waliopigana chini yake katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walizuia mashambulizi ya Wajerumani kule Gazi mwaka 1914, na Wavell aliuawa Mwele, Kwale, mwezi wa Januari 1916. Kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta ipo sanamu ya askari Waafrika waliopigana katika vita hivyohivyo.

Katika Vita vya Pili, bandari ya Kilindini ndiyo iliyowasafirisha vijana wa Afrika Mashariki kwenda Asia. Mwezi wa Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa katika msafara wa kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake kulikuwa na mamia ya wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Walionusurika walitolewa majini, na wengine wakaendelea na vita. Wakati huo hakukuwa na mtu wa kuwauliza usiku wanaota nini.

Baada ya uhuru, Jeshi la Wanamaji lilianzishwa rasmi mwezi wa Desemba 1964, na makao yake yako Mtongwe. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Wanamaji walishiriki katika operesheni ya kuutwaa mji wa Kismayo mwishoni mwa Septemba 2012. Kisha yakaja mashambulizi ya El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow, Januari 2017, ambako wanajeshi wetu wengi waliuawa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya wastaafu wa jeshi, tusidhani ni wazee wenye mikongojo tu. Wengi ni watu wa makamo, wana nguvu, na vita walivyoviona ni vya juzi.

2. Kiwewe ni nini?

Mtu akikabiliwa na kifo, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, macho na masikio huwa makali. Hiyo ni rehema, kwa sababu ndiyo inayomwokoa. Hatari ikipita, mwili hutakiwa kutulia. Kwa baadhi ya watu mwili hautulii. Hatari imekwisha, lakini ubongo unaendelea kupiga kengele. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu kazi, usingizi na mahusiano, wataalamu huiita ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe. Wakati mwingine huanza mara moja, na wakati mwingine hujitokeza baada ya miezi mingi, hasa mtu anapostaafu na kukosa shughuli za kumshughulisha.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia madaktari waliwaona wanajeshi wakitetemeka na kupoteza usemi, wakadhani ni athari ya mishindo ya mizinga. Wengine walidhaniwa waoga. Ni mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, ndipo madaktari wa Marekani walipouingiza ugonjwa huu rasmi katika orodha ya magonjwa ya akili. Kwa hiyo hata wataalamu walichukua muda kuelewa. Jirani akikosa kuelewa si ajabu, lakini sasa tunajua.

Wahudumu wa afya hutumia maswali matano mafupi kupima. Muulize mtu aliyepitia tukio la kutisha kuhusu mwezi uliopita:

(a) Je, ameota tukio lile au limemjia akilini bila kutaka?
(b) Je, amejitahidi kutolifikiria, au kukwepa mahali na watu wanaomkumbusha?
(c) Je, amekuwa akijihadhari kupita kiasi, au akishtuka kwa jambo dogo?
(d) Je, amejihisi amekufa ganzi moyoni, au yuko mbali na watu wake?
(e) Je, amejilaumu, au amelaumu wengine bila kukoma, kwa yaliyotokea?

Akijibu ndiyo kwa maswali matatu au zaidi, anahitaji kuonana na mhudumu wa afya. Maswali haya hayathibitishi ugonjwa. Kazi yake ni kuonyesha nani apelekwe kupimwa.

Katika mji wetu dalili hizi zina sura zake. Mstaafu haendi harusini kwa sababu ya fataki na vishindo vya ngoma. Msikitini husimama safu ya mwisho karibu na mlango. Kwenye kivuko cha Likoni hawezi kukaa katikati ya umati. Nyumbani huwa mkali kwa watoto wakifunga mlango kwa nguvu. Watu wakamsema ana kiburi, au kapandwa na jini. Kisomo na dua humtuliza mtu na wala havipingani na tiba. Kosa ni kumzuia asifike hospitali. Na kumfunga kamba au mnyororo nyumbani hakutibu lolote, na ni kumvunjia utu wake.

3. Kwa nini pombe na unga huingia?

Asiyelala hutafuta usingizi. Pombe humlaza kwa saa chache, kisha humwamsha alfajiri na moyo unaenda mbio kuliko jana. Kesho yake huhitaji zaidi. Bugizi hufanya hivyohivyo. Heroini, ambayo sisi tunaiita unga, huzima maumivu ya mwili na ya moyo kwa pamoja, na ndiyo maana humshika haraka mtu mwenye kiwewe. Muguka na miraa kwa upande wao humzidishia kukesha mtu ambaye tayari halali. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ilitoa amri ya kupiga marufuku muguka na suala hilo likafika mahakamani. Bila kujali mkondo wa sheria, kwa mgonjwa wa kiwewe ushauri wa afya ni mmoja: vitu vinavyofukuza usingizi aviache.

Hapa kuna duara. Kiwewe huleta kukesha, kukesha huleta pombe, pombe huzidisha kiwewe. Ukitibu pombe peke yake, kiwewe kitamrudisha chupani. Ukitibu kiwewe peke yake huku bado analewa, dawa na mazungumzo hayatashika. Ndiyo sababu matibabu mazuri hushughulikia mambo yote mawili kwa wakati mmoja.

Lipo funzo moja kubwa kutoka Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka huko mwaka 1971. Takriban mmoja katika kila watano alikuwa amekuwa mraibu wa heroini akiwa vitani. Watu waliogopa kwamba miji ya Marekani ingejaa waraibu. Badala yake, katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni wachache sana miongoni mwao walioangukia tena katika uraibu. Sababu moja kubwa ni kwamba waliuacha unga kule, pamoja na mahali, marafiki na hali iliyowafanya wautumie.

Kwetu hali ni kinyume. Heroini ilianza kuenea katika pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980. Mwanajeshi wetu huenda hakuigusa kamwe akiwa kazini, lakini anarudi kuishi katika mtaa ambamo inauzwa. Marafiki wa maskani anaowakuta huenda tayari ni mateja. Kwa hiyo kubadilisha mazingira, hata kuhamia kwa ndugu wa mtaa mwingine kwa miezi michache, au kupata shughuli ya kila siku, ni sehemu ya tiba. Na funzo la pili ni la matumaini: uraibu wa heroini si kifungo cha maisha. Watu hupona.

4. Mfano wa mazungumzo

Mfano huu ni wa kufundishia tu. Mstaafu wa Jeshi la Wanamaji, mwenye umri wa miaka 47, anaishi Mji wa Kale katika nyumba ya familia. Alihudumu Somalia. Kiinua mgongo chake kinapungua, mkewe amerudi kwao, na usiku hupiga kelele usingizini. Mtoto wa nduguye anaamua kuzungumza naye asubuhi, kabla hajalewa, wakiwa wawili tu.

– Shikamoo, ami.
– Marahaba, mwanangu.
– Ami, nina neno nataka kukwambia. Silo la kukulaumu.
– Haya, sema.
– Jana usiku ulipiga kelele. Wiki hii ni mara ya tatu. Hata bibi alisikia, akakaa akikuombea dua mpaka alfajiri.
– Ni ndoto tu.
– Najua. Bila ile chupa, usingizi unakuja?
– Hauji.
– Na tangu lini hauji?
– Tangu kule.
– Ami, sikuulizi ya kule. Nataka ulale tu. Alhamisi sina kazi. Twende pamoja tukaonane na daktari, nami nitakungoja nje. Ukiona hapakufai, turudi.
– Watu wataniona mwendawazimu.
– Watatuona wawili tumekwenda hospitali. Nani hajaenda hospitali?

Tutazame alichofanya kijana huyu. Alichagua wakati ambao ami yake hajalewa. Alieleza alichokiona kwa macho na masikio, hakusema "wewe umekuwa mlevi". Aliuliza juu ya usingizi, ambao ni shida anayoikubali mwenyewe. Hakumlazimisha kusimulia vita. Mwisho alitoa jambo moja dogo, lenye siku na msindikizaji. "Nenda ukatafute msaada" ni amri. "Alhamisi twende" ni msaada.

Huenda asikubali mara ya kwanza. Usikate tamaa wala usimtishe. Rudi tena baada ya siku chache. Usimpe pesa taslimu ukijua zitaenda wapi. Mlipie chakula, nauli au dawa moja kwa moja.

5. Mambo manne ya hatari ambayo kila nyumba ijue

Kwanza, aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiiache ghafla peke yake. Anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kufikia siku ya pili au ya tatu akachanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na hata kufa. Mpelekeni hospitali ili aiache chini ya uangalizi.

Pili, arosto ya unga huumiza sana, lakini hatari kubwa zaidi huja baadaye. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila unga, iwe kituoni au rumande, mwili wake haustahimili tena kiasi alichozoea. Akirudia kiasi kilekile anaweza kuacha kupumua. Ukimkuta hazinduki, midomo imekuwa ya buluu, na anakoroma au kupumua kwa shida, mlaze ubavu, piga kelele upate msaada, mkimbizeni hospitali. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo humzindua. Usimmwagie maji wala kumpa maziwa.

Tatu, kuchanganya ni hatari kuliko kitu kimoja. Pombe, bugizi, unga na methadoni vyote hupunguza pumzi. Viwili pamoja vimeua wengi.

Nne, akitaja kufa lichukue kwa uzito. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Ondoeni karibu naye silaha, kamba, sumu na dawa nyingi. Zamani familia ziliogopa kwamba akipelekwa hospitali atashtakiwa kwa jaribio la kujiua. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokifanya kitendo hicho kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mpelekeni mgonjwa bila hofu.

6. Tiba zilizopo na pa kwenda

Kwa kiwewe, tiba inayofanya kazi zaidi ni mazungumzo maalumu na mtaalamu, kwa vikao vya kila wiki. Mgonjwa hujifunza kuyakabili kidogo kidogo anayoyakwepa mpaka ubongo uelewe kwamba hatari imepita. Zipo pia dawa za kutuliza mfadhaiko ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, kwa hiyo asiziache baada ya siku tatu kwa kusema hazifai. Dawa za usingizi za kununua dukani si tiba ya kiwewe, na zina uraibu wake.

Kwa unga, tiba ya methadoni ilianza Kenya mwezi wa Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka 2017 kliniki ya Kisauni ikafunguliwa hapa Mombasa. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Unga hudumu saa chache, kisha arosto hurudi na mtu hutoka kutafuta mwingine. Methadoni hudumu siku nzima au zaidi. Haimlewesshi aliyepangiwa kiasi sahihi, bali humwondolea arosto ili aweze kulala, kufanya kazi na kuhudhuria ushauri nasaha. Wapo wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga. Tofauti ni kwamba huyu hajidungi, haibi, na anaonekana na mhudumu kila siku. Akikosa siku kadhaa mfululizo asirudie kiasi chake mwenyewe. Arudi kliniki apangiwe upya. Katika Ramadhani, azungumze na wahudumu mapema kuhusu saa za dawa.

Mahali pa kuanzia ni hapa:

– Kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mweleze mhudumu dalili, naye atakuelekeza.
– Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General, hapa kisiwani, hasa kwa dharura.
– Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, yenye kitengo cha afya ya akili.
– Kliniki ya methadoni ya Kisauni.
– Kituo cha matibabu na urekebishaji cha NACADA kilichoko Miritini.
– Mashirika ya MEWA na Reachout Centre Trust, ambayo kwa miaka mingi yamewahudumia waraibu wa Mombasa na familia zao.
– Simu bila malipo: 1192 ya NACADA kwa masuala ya uraibu, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa ushauri nasaha.

Kabla ya kwenda, hakikisha mgonjwa amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Usajili hufanyika kwa simu kwa kubonyeza *147#. Abebe kitambulisho na, kama anazo, karatasi zake za kustaafu jeshini, kwa sababu zinamsaidia daktari kuelewa historia yake.

7. Haki ya mstaafu

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa na kuzipa serikali za kaunti majukumu katika huduma hii. Mwaka huohuo nchi ilipata sheria mahsusi ya maslahi ya wanajeshi wastaafu. Mstaafu anayetafuta msaada haombi sadaka wala hajidhalilishi. Anadai haki yake, kama anavyodai pensheni.

Familia nayo isijisahau. Mke, mama na watoto wanaoishi na mgonjwa huchoka na kuogopa. Akiwa mkali kiasi cha kuhatarisha watu, ondokeni kwanza, kisha tafuteni msaada. Nanyi mnaweza kupiga simu zilezile na kuomba ushauri kwa ajili yenu wenyewe, hata kama yeye bado amekataa.

Na akianza tiba kisha akateleza, msiseme kazi imeharibika. Mwenye kisukari sukari yake ikipanda hatumfukuzi kliniki. Tunatazama kilichobadilika, tunarekebisha dawa, anaendelea. Mraibu naye ni vivyo hivyo. Kila mara anaporudi huwa anajua zaidi kilichomwangusha.

Maswali ya majadiliano

1. Taja dalili tatu za kiwewe ambazo mtaani kwenu huitwa kiburi au jini.
2. Kwa nini kutibu pombe peke yake hakutoshi kwa mtu mwenye kiwewe?
3. Mtaa wenu una shughuli gani ya kila siku ambayo mstaafu anayepona anaweza kupewa, mbali na maskani?
4. Jirani ametoka kituoni baada ya miezi mitatu. Familia yake ijihadhari na nini, na kwa sababu gani?
5. Ni nani mtaani kwenu aliyevaa sare na sasa haonekani barazani? Nani kati yenu atamtembelea wiki hii, na siku gani?